Hatua Kumi na Moja za Kugeuka

Siku niliyommwagia inchaji wetu, mkuu wa kituo cha afya, sanduku la kadi mezani, mama yangu alikuwa bado hajafika kwenye kiti.

Hilo ndilo nataka mlielewe kwanza, nyinyi wasichana mliobaki kwenye dirisha la kadi. Kutoka mlangoni mpaka kiti cha mgonjwa ni hatua nne za mtu mzima. Mama alikuwa kwenye ya sita na ndiyo kwanza anafika katikati, akienda kwa vihatua vidogo vidogo kama mtu anayepima shamba kwa nyayo. Inchaji hakuinua kichwa. Alivuta kadi niliyomwekea, akaandika "Uzee. Akili. Sindano iendelee," akapiga mstari chini yake, akaita, "Mwingine!"

Nikamwambia, "Mkubwa, huyu hajakaa."

"Kwani Mwende, ni lazima akae ndio azeeke?"

Watu wa benchi wakacheka. Mimi nikarudi dirishani, nikabeba lile sanduku la mbao la A mpaka M, nikaja nalo kifuani, nikaligeuza juu ya meza yake. Kadi ziliingia kwenye chai, zikaingia kwenye droo, moja ikamkaa mfukoni kama leso. "Andika zote basi," nikamwambia. "Kwani ni lazima wakuje?"

Siwashauri mfanye hivyo. Kuzipanga tena kulichukua siku nne, na karani wa kadi nilikuwa mimi mwenyewe. Ukitaka kumwaga kitu kwa hasira, tafuta cha mtu mwingine.

Mama akafika kitini wakati huo. Akakaa, akaziangalia kadi zilivyotapakaa, akauliza kwa ile sauti yake ya chini, "Nimepitwa na nini?"

Hayo yalitokea miaka sita iliyopita. Mwezi jana nimestaafu, nikiwa na miaka thelathini na tatu na mtoto mgongoni. Wengine hustaafu na bakora, mimi nimestaafu na nepi. Serikali ilisema tumekuwa wengi, anayetaka kutoka mapema ajiandikishe, na jina langu lilikuwa juu ya karatasi kabla gundi haijakauka ukutani. Vyeo sitawaandikia, maana sikupewa. Mshahara pia nauacha, mnaujua, ni huohuo wenu. Nawaandikia kazi yenyewe, na zaidi ya yote ule ugonjwa unaoitwa Parkinson, kwa sababu utapita tena mbele ya dirisha lenu ukitembea polepole, na nawajua, mtauandikia uzee.

Niliingia hapo mwishoni mwa miaka ya sabini, nimetoka tu kumaliza fomu foo, na viatu vya shule miguuni. Nilidhani nimeajiriwa kuandika. Siku ya kwanza sikuandika hata jina langu. Mama Syombua, aliyekuwa akifagia kituo tangu kijengwe, alinivuta nje, akanisimamisha kando ya tangi la maji, akanielekezea langoni kwa ufagio.

"Usiwaangalie uso. Uso kila mtu anautengeneza akifika hospitali. Angalia wanavyoingia."

Nikaangalia. Naona watu tu.

"Yule wa kofia ni tumbo. Yule mama ni jino, na ni la chini. Huyo kijana hana kitu, anataka karatasi ya kumpelekea mwalimu. Haya, kimbia utoe kadi zao."

Nilitoa kadi. Lilikuwa tumbo, lilikuwa jino, na yule kijana alikuwa ameandika mwenyewe kwa penseli jinsi anavyotaka karatasi isome. Tangu siku hiyo nilimheshimu Mama Syombua kuliko mtu yeyote aliyevaa koti jeupe pale. Alinifundisha miaka minne. Hakuwahi kusoma kadi hata moja, na hakukosea hata wagonjwa watano.

Vifaa? Tulikuwa na pazia la kijani la magurudumu matatu, la nne lilikwenda na mtoto wa mpishi. Tulikuwa na tochi bila betri. Tulikuwa na nyundo ya mpira ya kupimia magoti, ambayo fundi aliiazima atengeneze mlango wa choo, na mpaka leo ukisikia mlango huo unafungwa jua ndiyo hiyo nyundo iliyoufanya hivyo. Kwa hivyo mtu akiwaambia ugonjwa huu hauwezi kujulikana hapa kwetu Migwani kwa sababu hatuna mashine, mwambieni hata Nairobi hakuna mashine yake. Unajulikana kwa macho mawili, mkono mmoja, na uvumilivu wa kumngoja mtu atembee. Inchaji alikuwa na macho mawili.

Sasa mama yangu. Pale kituoni mlimjua kama Mama Ndinda, jina la dada yangu mkubwa. Hakuwa amefika sitini. Alikuwa mfumaji wa vyondo, vile vikapu vyetu vya katani, na ndiye aliyekuwa akinilelea Mwikali, mtoto wangu wa kwanza, nikiwa kazini. Ugonjwa ulimwingia mbele yetu sote na hakuna aliyeuona, na ukiniuliza kwa nini, nitakwambia ni kwa sababu ya bidii yake.

Kwetu mwanamke anatembea akisokota uzi wa katani. Anaenda mtoni anasokota, anasengenya anasokota. Kwa hivyo kidole gumba cha mama kilipoanza kujisugua peke yake kwenye vidole viwili, mchana kutwa, mkono ukiwa umetulia pajani, nani angeshtuka? Jirani alipita akasema, "Huyu mama hapumziki." Uzi wenyewe haukuwepo. Hakuna aliyeangalia kama kuna uzi.

Halafu mishono. Kiondo chake kilianzia chini na mishono ya kawaida, kikaenda kikipungua, kikapungua, mpaka mdomoni mishono ikawa kama nyayo za mchwa. Mkono ulikuwa unakataa kwenda mbali. Unajua kikundi cha akina mama kilifanya nini? Walikichukua kile kiondo kikawa cha mfano. Wakaitwa wafumaji wote wakaambiwa, "Mnaona kazi safi? Mfanye kama Mama Ndinda." Kuna wanawake huku walioumiza macho msimu mzima wakiiga ugonjwa.

Sauti ikashuka. Kwaya ikamhamisha mstari wa nyuma. Akaunguza sufuria ya muthokoi mara mbili akiwa amekaa kando yake, hakusikia harufu. Na uso ukakataa kucheka. Hapo ndipo mimi nilipojiaibisha, na naandika ili mnicheke mmalize. Nilikuwa nimeolewa na dereva wa lori la Garissa, na mama hakumpenda, alisema mtu wa barabara ni wa barabara. Nikimpelekea mtoto asubuhi ananiangalia kama ukuta. Nikasema, haya, bado amenuna. Na mimi nikanuna. Miaka miwili nilinuniana na mtu ambaye hakuwa amenuna. Siku moja nikamfokea, "Mama, hata kutabasamu ni shida?" Akanijibu polepole, "Mwende, natabasamu." Nikaona ananikejeli.

Mimi huyo, niliyefundishwa kuangalia watu wakiingia langoni! Lakini mama yako humwangalii anavyotembea. Unaangalia kama amekuja.

Nilimwandikia kadi nilipoona hawezi kufunga kifungo. Inchaji akasema uzee. Nikamrudisha, uzee. Mara ya tatu alikuwa na furaha siku hiyo, akamtania mama kwamba akipona atamtafutia mume kijana. Mama hakucheka. Inchaji alikuwa mtu aliyezoea kuchekewa na kituo kizima, mimi nikiwemo. Akamtazama, akasema, "Huyu ni akili," na akamwandikia sindano ya kutuliza wagonjwa wa akili, moja kila mwezi.

Baada ya sindano ya tatu mama alikauka kama ubao. Kumwinua kwenye kigoda ilikuwa kama kuinua mlango. Nikarudi siku moja kutoka kazini nikamkuta amekaa, na Mwikali amekwenda mpaka karibu na moto, na mama anamwita kwa sauti isiyofika hata kwa paka, mkono umenyooshwa nusu. Mtoto hakuungua. Mimi ndiye niliyeungua.

Inchaji aliposikia akasema basi, hali imezidi, gari la rufaa likija mwisho wa mwezi litampeleka Nairobi, hospitali ya wagonjwa wa akili. Alilisema hilo akitafuta kifuniko cha kalamu.

Na wakati huohuo, humohumo ndani ya kituo chetu, kulikuwa na mtu aliyeujua ugonjwa wa mama, na alikuwa amejificha kwenye stoo ya dawa.

Anaitwa Mutua. Ni ofisa wa kliniki, mzaliwa wa Nunguni kule kwenye baridi, ndiyo maana alivaa sweta hata Migwani ikichemka. Katika masomo yake alizungushwa kwenye wodi ya mishipa ya fahamu Nairobi, akaona mengi. Na ndiye mume wa dada yangu Ndinda. Huko ndiko kulikokuwa na shida. Kwetu mtu na mama mkwe wake wana nthoni: hawatazamani usoni, hawagusani, hawaitani majina, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Vijana wa mjini wameacha. Mutua hakuwa ameacha, na mama ndiye kabisa. Kila siku mama alipokuja kliniki, Mutua alikuwa anaingia stoo. Mara moja alitokea dirishani akararua suruali kwenye seng'enge. Inchaji alidhani anakwepa kazi.

Tulijaribu kumtumia pasta. Alikuja nyumbani, akamwambia mama tumeokoka, mambo ya nthoni ni ya zamani, mkwe ni mtoto wako. Mama akanong'ona, nami nikamtafsiria kwa sauti: "Anasema, Pasta, mama mkwe wako anaishi Taveta. Ni rahisi kuokoka kutoka mbali."

Nikaenda stoo. Nikamkuta Mutua amekalia katoni ya pamba.

"Shemeji, mama anapelekwa kwa wendawazimu."

"Nimesikia." Alikuwa karibu kulia. "Nieleze basi yuko aje."

"Nikueleze aje? Aliyesoma si wewe? Toka umwone!"

"Shemeji, siwezi kumwangalia uso."

"Na mgongo?"

Akavua miwani, akaifuta kwa sweta. Nilimwona anapitia ukoo wake wote kichwani, babu kwa babu. "Mgongo," akasema. "Mgongo sijasikia mtu akiukataza."

Hivyo ndivyo tulivyompima. Mutua alisimama nyuma ya tangi la maji. Mama nikamwambia atembee kutoka pale mpaka langoni, ageuke, arudi. Alijua vizuri kabisa ni nani yuko nyuma ya tangi, kwa sababu tangi halivai sweta, lakini alijifanya hajui, na hiyo ndiyo adabu. Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele mama akianza kugeuka, ili Mutua ajifiche. Mama Syombua akasimama kati na ufagio wake kama refa.

Mama akaenda. Mutua akaanza kusema peke yake, haraka haraka: "Mkono wa kulia hautembei naye. Uko umekunjwa tu. Miguu haiinuki. Ameinama mbele."

Mama akafika langoni. "Anageuka!"

Mutua akachutama. Tukangoja. Akachungulia: bado mama anageuka. Akachutama tena, akachungulia tena: bado. Mama alikuwa anajizungusha pale pale kwa vihatua, kama saa.

"Kumi na moja," akasema Mama Syombua. "Nimehesabu. Ni hatua kumi na moja."

Mutua alikuwa ameketi kwenye matope ya bomba, na uso wake umebadilika. "Shemeji," akaniambia, "mtu hugeuka kwa hatua mbili, tatu. Nilijua nitanaswa. Nimejificha mara mbili na bado ninao wakati. Huyu si mwendawazimu hata kidogo."

Tukaingia ndani kwa kipimo cha pili. Mama upande mmoja wa pazia la kijani pamoja na mimi, Mutua upande wa pili ametazama ukuta. Kati yao ni kama urefu wa mkono, na kila neno linasikika, lakini lazima lipite kwangu.

"Mwambie alegeze mkono," akasema Mutua.

"Mwambie nimelegeza," akasema mama.

"Shemeji, kunja kiwiko chake, nyoosha, pole pole. Kinaenda aje?"

Nikakunja. "Kinakwama. Kinaenda, kinakwama, kinaenda. Tik, tik, tik, kama pedali ya baiskeli ukiirudisha nyuma."

"Mwambie asiukaze."

"Mwambie sijaukaza. Kama haamini aje aukunje yeye."

Mutua akakohoa. "Mwambie naamini."

Akataka niuache mkono pajani nione kama unatetemeka. Ulitetemeka, kule kule kwa kusokota uzi. Akasema nimpe kikombe. Mama alipokifuata kikombe, mkono ukatulia. Hilo mlishike vizuri, kwa sababu wengi hawalijui: tulikuwa na mzee mmoja wa ng'ombe kutoka Mwingi ambaye mkono wake ulimwaga chai kila akishika kikombe, na akikiweka chini unatulia. Huo ni ugonjwa mwingine, mpole zaidi. Wa mama ulikuwa kinyume, ulitetemeka mkono ukipumzika. Halafu akaniambia nimfanye agonganishe kidole gumba na cha shahada mara nyingi. Miguso ilianza mikubwa, ikaisha midogo, kama mishono ya kile kiondo.

Swali la mwisho Mutua hakuweza kulisema hata kupitia kwangu. Aliliandika kwenye karatasi, akalipitisha chini ya pazia. Nikalisoma, nikamnong'onezea mama. Lilikuwa la choo.

"Mwambie aliyeandika hivi hana adabu," akasema mama. Halafu akaongeza, "Siku nne."

Mutua akatueleza, yeye akiuambia ukuta na mimi nikimwambia mama. Kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna mahali padogo panapotengeneza maji fulani ya kuendesha mwendo, na panapokufa pole pole mtu anakuwa kama mashine iliyokosa oili: inataka kwenda, inakwama. Kwamba akili ni nzima. Kwamba uso haukununa, ni misuli ya uso nayo imekwama. Hapo nilimwangalia mama, naye akaniangalia, na sijui alikuwa amefanya uso gani ndani. Nikamwomba msamaha mbele ya Mama Syombua na ufagio wake. Kwamba ugonjwa hauponi, lakini unapunguzwa. Na kwamba ile sindano ya kila mwezi inafunga palepale palipokuwa tayari pamefungwa, ndiyo maana alikauka.

Sindano ilikuwa ya kwanza kuachwa. Siku ya kuchomwa nilimficha mama kwa shangazi, na gari la rufaa likaja likarudi na wengine. Mutua akaazima kwa rafiki yake wa Kitui vidonge vya Artane, akaanza na nusu kidonge, akipandisha kidogo kidogo. Alitutahadharisha: kinywa kitakauka, macho yanaweza kuona ukungu, na mtu wa umri wake akianza kuongea na watu wasiokuwepo tumwambie siku hiyohiyo. Mama hakuongea na yeyote. Kiu tu. Alibeba chupa ya maji mpaka kanisani. Kwa kule kukwama mlangoni, Mutua alituma ujumbe tumchoree mistari ya jivu sakafuni, kila mstari hatua moja, mguu ukiona kitu cha kuvuka unavuka. Ilifanya kazi ajabu. Shida ni kwamba mistari ya jivu mlangoni kwa mwanamke mzee huku kwetu ina maana nyingine, na kwa wiki mbili hakuna jirani aliyekuja kuazima chumvi.

Wiki ya tano tukarudi kwenye tangi kumpima tena. Mutua akakaa mahali pake, Mama Syombua pake. Mama akaenda langoni, mkono wa kulia ukipunga kidogo. Nikafungua mdomo niseme "Anage", na mama alikuwa ameshageuka. Hatua nne. Mutua alikuwa amesimama wima, ameutoa mwili wote nje, anaandika kwenye daftari.

Walitazamana usoni.

Mama alijifunika leso kichwa kizima. Mutua aliruka ua, sweta ikabaki. Mama Syombua alicheka mpaka akakalia ufagio. Nilipomfikia mama nikidhani analia, nikasikia ananong'ona ndani ya leso, na mara hii nilijua ni kicheko: "Ana mvi. Ndinda hakuniambia ana mvi."

Hayo ndiyo matibabu, wasichana. Mtu akigeuka kabla hujajificha, dawa inafanya kazi.

Halafu vidonge vikaanza kuisha, tukavikata nusu ili vifike mbali, na miguu ikaanza kukwama tena. Na Artane hiyohiyo ilikuwa imejaa kwenye kabati letu, chupa mbili, mimi mwenyewe niliziona nikifuta vumbi. Mutua akamwandikia mama. Inchaji akaikata kwa kalamu nyekundu, akasema Artane ni ya wagonjwa wa akili wanaochomwa sindano, ya kuwalegeza wakikaza. Akitaka Artane, na awe mgonjwa wa akili. Akiwa mgonjwa wa akili, achomwe sindano. Yaani anywe dawa ya kufungua, na achomwe ya kufunga. Mutua alipobisha akatumwa kwenye chanjo za vijijini mwezi mzima. Nikamrudisha mama mwenyewe mbele ya Inchaji, nikisema akimwona tu akitembea atakubali. Hiyo ndiyo siku ya kadi.

Alipomaliza kujipangusa chai aliniambia ataniripoti kwa Daktari wa Wilaya. Nikamwambia aandike vizuri, kwa sababu atakuta yangu imefika. Niliandika mchana huo, juu ya lile sanduku tupu, na maneno ya mwisho nikayaongezea mlangoni pa Daktari. Mama Syombua alikaa kando yangu akinitajia matusi, niliyaacha yote isipokuwa moja, nalo nikalibadilisha. Kwa vile wengine wenu wameambiwa nilimtukana daktari, someni nilivyoandika.

Kwa Daktari wa Wilaya,

Bwana,

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA MSIMAMIZI WA KITUO CHETU CHA AFYA

Mimi ni karani wa kadi katika kituo kilichotajwa kwenye bahasha. Namlalamikia msimamizi wa kituo kama mtoto wa mgonjwa, si kama karani, ingawa kama karani pia ninayo yangu.

Kwanza, amemwandikia mama yangu ugonjwa mara nne bila kumgusa, na mara ya nne bila kumwona. Yaliyo kwenye kadi aliyaandika mgonjwa akiwa bado njiani kati ya mlango na kiti.

Pili, amemchoma sindano tatu za wagonjwa wa akili kwa kosa la kutocheka. Mama yangu ana ugonjwa wa Parkinson, ambao unazuia uso kucheka. Na hata angekuwa mzima, ule utani haukuwa wa kuchekesha.

Tatu, anamnyima dawa iliyo kabatini mpaka akubali kuwa mwendawazimu. Mama yangu amefikiria jambo hilo kwa makini na amekataa.

Ninaomba mambo matatu. Sindano ifutwe kwenye kadi yake. Artane itolewe bila masharti. Na ofisa wa kliniki aliyeutambua ugonjwa huu arudishwe kutoka kwenye chanjo, kwa sababu watoto wa vijijini wanachanjwa vizuri na wengine, na wagonjwa wa kutetemeka ni yeye peke yake anayewajua.

Nakiri kwamba nilimwaga kadi. Nitazipanga.

Sikuipeleka barua hii posta, Bwana, kwa sababu mama amebakisha vidonge vitatu na posta inachukua wiki. Nimeileta kwa mkono. Niko kwenye benchi nje ya mlango wako pamoja na mtoto, uji, na blanketi. Karani wako ameniambia uko na shughuli. Mimi sina.

Wako,
Mwende